Miezi Mitano Bila Kadi: Kisa cha Mzee Aliyesubiri Kitambulisho Kipya cha Matibabu

Kisa hiki ni cha mama yangu mkubwa, dada wa marehemu mama yangu, mjane mwenye umri wa miaka 71 anayeishi pembezoni mwa Dar es Salaam. Ameniruhusu nikiandike kwa sharti kwamba jina lake, mtaa wake na ofisi alizopitia visitajwe, na sharti hilo nimelishika bila tabu, kwa kuwa ninachotaka kukieleza hakihusu ubaya wa mtu fulani. Kuanzia katikati ya Februari hadi wiki ya pili ya Julai aliishi bila kadi yake ya matibabu ya wazee. Hakuwa amepoteza sifa ya kuwa nayo. Aliirudisha ya zamani ili apewe mpya, na ile mpya ikachelewa. Katika miezi hiyo alilipia huduma ambayo sera ya nchi inasema asilipie, na fedha zilipomwishia akaanza kumeza nusu ya dozi ya dawa zake za presha bila kumwambia mtu yeyote. Nimefuatilia hatua zote, nimezungumza naye kwa kirefu, na nimezungumza na watumishi waliomhudumia. Naamini kuchelewa kwa kadi kungevumilika, lakini kuichukua kadi ya zamani mkononi mwa mzee bila kumwachia karatasi yoyote hakukupaswa kutokea hata siku moja.

Kadi na msingi wake

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuwa ni mtu mwenye umri wa miaka 60 na kuendelea, na Sera ya Afya ya mwaka 2007 imeweka msamaha wa gharama za matibabu kwa wazee wa umri huo wasio na uwezo. Kazi ya kuwatambua wazee hao imo mikononi mwa halmashauri na ngazi zilizo chini yake. Mtendaji wa mtaa anaandika barua ya utambulisho, afisa ustawi wa jamii anathibitisha kwamba mhusika hana uwezo, na halmashauri inatoa kadi yenye picha na jina. Mzee akifika nayo kwenye kituo cha umma anakwenda dirisha la wazee, anaonyesha kadi, anafunguliwa jalada, anamwona daktari na kuchukua dawa zilizopo.

Mama Mkubwa alikuwa na kadi ya namna hiyo kwa miaka mitano. Aliitunza ndani ya mfuko mdogo wa plastiki pamoja na kitambulisho cha taifa, na kila mwanzo wa mwezi aliitoa kwa ajili ya kliniki ya presha. Kwa muda wote huo hakuna aliyemuuliza kama ana uwezo au hana, kwa sababu swali hilo lilikwisha kuulizwa na kujibiwa siku kadi ilipotolewa. Naomba msomaji alishike jambo hili, kwa sababu nitalirudia.

Mwezi Februari likatolewa tangazo kwamba kadi za zamani zinabadilishwa. Wazee walitakiwa kufika katika ofisi husika ya halmashauri wakiwa na kadi ya zamani, fotokopi ya kitambulisho cha taifa, picha mbili za pasipoti saizi na barua mpya ya mtendaji. Kutoka anakoishi Mama Mkubwa hadi ofisi hiyo ni daladala mbili kwenda na mbili kurudi, yaani shilingi 2,400 kwa siku, kwa mtu ambaye faida yake ya kuuza vitumbua asubuhi haifiki shilingi 3,000. Nauli elekezi zinazopangwa na LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri wa ardhini, zina kiwango cha mtu mzima na kiwango cha mwanafunzi; kwa hiyo mzee wa miaka 71 hulipa sawasawa na kijana wa miaka 25 anayekwenda kazini Posta. Silitaji hili kama lawama kwa konda, ambaye mara nyingi ndiye wa kwanza kupaza sauti ili abiria wampishe mzee akae. Nalitaja kwa sababu kila mara ofisi inapomwambia mzee “rudi wiki ijayo”, inamwambia atoe tena shilingi 2,400, na gharama hiyo haionekani kwenye kitabu chochote cha ofisi.

Alipofika dirishani, karani alipokea nyaraka zake, akazibana pini pamoja na kadi ya zamani, akaziweka ndani ya boksi na kumwambia arudi baada ya wiki mbili. Mama Mkubwa aliuliza kama atapewa kitu cha kuonyesha hospitali. Akaambiwa wiki mbili si nyingi.

Miezi mitano

Wiki mbili zilipokwisha alirudi, akaambiwa kadi bado. Akarudi tena baada ya wiki moja, ikawa bado. Mwishoni mwa Machi, masika yakiwa yameanza na barabara ya kutoka kwake hadi kituoni ikiwa imegeuka tope, alirudi mara ya tatu, na safari hii akapewa jibu alilolichukulia kuwa zuri zaidi: “Usijisumbue tena, mama, ikiwa tayari tutakupigia.” Ukihesabu safari ya kwanza ya kupeleka nyaraka, alikuwa ametumia shilingi 9,600 za nauli. Tangu siku hiyo hakwenda tena, na alifanya sawa kabisa na alivyoagizwa.

Wakati huohuo kliniki yake haikusimama. Mwanzoni mwa Machi alifika hospitali kama kawaida, akakaa kwenye foleni ya wazee, na zamu yake ilipofika akaombwa kadi. Akaeleza kwamba ameirudisha na anasubiri mpya. Karani wa mapokezi hakumjibu kwa ukali. Alimweleza kwamba mfumo unahitaji namba ya kadi ili kumwingiza kwenye msamaha, na kwamba bila namba hiyo atamwingiza kama mgonjwa wa kulipa. Mama Mkubwa alilipa kumwona daktari, akalipia kipimo na dawa za mwezi mzima, jumla shilingi 23,000, fedha alizokuwa ameziweka kwa ajili ya mchango wa kikundi chake cha akina mama. Mwezi Aprili hakwenda kliniki kabisa. Alikwenda duka la dawa la jirani akiwa na boksi tupu la dawa zake ili asikosee jina, akanunua dozi ya wiki mbili kwa kuwa fedha aliyokuwa nayo ilitosha hiyo tu.

Jumamosi ya mwisho ya Mei nilikwenda kumjulia hali. Nilimwamkia, akaitikia kwa sauti iliyochoka, akaniambia nijisogezee kigoda. Juu ya meza palikuwa na kifuniko cha kopo la Blue Band, na ndani yake mlikuwa na kipande cha wembe pamoja na vipande vya vidonge vyeupe, vingine vimekatika sawa katikati na vingine vimevunjika na kuacha ungaunga. Nilidhani ni dawa ya mtoto. Nilipomuuliza alinyamaza kidogo, kisha akasema, “Nameza nusu asubuhi. Nusu nyingine ya kesho.” Nikamuuliza tangu lini. Akasema tangu baada ya Pasaka. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia, akanijibu neno ambalo nimeendelea kulifikiria hadi leo: “Presha hainiumi, mwanangu. Ingekuwa inauma ningekwambia.”

Alikuwa anasema kweli, na hapo ndipo penye hatari. Shinikizo la juu la damu kwa watu wengi haliumi wala halitoi dalili hadi limekwisha kuharibu moyo, figo au mishipa ya ubongo. Mgonjwa wa malaria akikosa dawa atahisi homa ndani ya siku chache na atapiga kelele. Mgonjwa wa presha akipunguza dozi anaamka asubuhi akiwa mzima kama jana, anaona kwamba nusu inatosha, na siku ya kugundua kwamba haikutosha inaweza kuwa siku ya kiharusi. Kwa hiyo mfumo wowote unaomtegemea mzee wa presha ajitokeze mwenyewe kulalamika wakati kadi imechelewa unamtegemea mtu ambaye mwili wake haumwambii kwamba kuna tatizo.

Wiki iliyofuata nilimpeleka hospitali mimi mwenyewe. Kipimo kilionyesha 180 kwa 110, wakati kwenye daftari lake la kliniki vipimo vya Januari na Februari vilikuwa vikizunguka kwenye 140 kwa 85. Daktari alimwangalia, akaangalia daftari, akauliza mwezi wa nne alikuwa wapi.

Mlango uliokuwa wazi

Daktari huyo ndiye aliyetuelekeza kwenye ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali hiyohiyo, ambayo iko hatua chache tu kutoka dirisha lile ambalo Machi lilimwambia alipe. Sikuwa nikijua, na Mama Mkubwa hakuwa akijua, kwamba afisa ustawi wa jamii wa hospitali ana mamlaka ya kumsikiliza mgonjwa asiye na uwezo, kumjazia fomu ya msamaha na kumruhusu atibiwe bila kulipa hata kama hana kadi yoyote mkononi. Tulikaa kwenye benchi kwa muda usiozidi saa moja. Tuliingia, akahojiwa, fomu ikajazwa na kugongwa mhuri, na kabla ya adhuhuri tulikuwa tumeshika dawa za mwezi mzima bila kulipa hata shilingi.

Kwa mtazamo wa kiutawala mtu angeweza kusema kwamba kisa kimeishia hapo na kwamba kosa ni la familia yetu: njia ilikuwepo, tukashindwa kuiuliza. Nimelipima jambo hili kwa uaminifu, na ninakubali sehemu yangu. Ningekwenda kumwona mwezi Machi badala ya kutuma fedha kidogo kwa simu na kuridhika na “sijambo” yake, vidonge vile visingekatwa. Lakini siwezi kukubali kwamba njia ile ni sawa na kadi, na sababu yangu ni yale niliyoyasikia nikiwa nimekaa pembeni yake ndani ya ofisi ile.

Afisa alikuwa binti mpole, aliyemwita “bibi” na kumpa kiti kabla yeye mwenyewe hajakaa. Maswali yake yalikuwa yale ambayo kazi yake inamtaka ayaulize. Ana watoto wangapi? Wanafanya kazi gani? Wanamsaidia kiasi gani, na kama hawamsaidii ni kwa nini? Nyumba ni yake au amepanga? Anakula mara ngapi kwa siku? Mlango haukufungika vizuri, na watu wa benchini walikuwa wakisikia. Mama Mkubwa alikuwa mpishi wa shule kwa miaka mingi, amelisha watoto wa watu wengine maelfu, na mtaani kwake hakuna msiba usiomwita kusimamia jiko. Alijibu kila swali kwa sauti ndogo, akiwa ameshika pindo la khanga. Lilipofika swali la watoto, alisema mwanawe aliyeko Mwanza “anahangaika”, na hakuongeza neno. Tulipotoka nje, nikiwa na furaha ya kupata dawa, yeye alitembea kimya hadi getini, kisha akasema, “Leo nimejianika.”

Kwa maoni yangu neno hilo linaeleza tofauti ya njia hizi mbili kuliko waraka wowote. Kadi na fomu ya msamaha zinatoa dawa zilezile na zinatoka kwenye sera ileile, lakini kadi inamwondolea mzee wajibu wa kueleza umaskini wake upya kila anapougua. Aliueleza mara moja miaka mitano iliyopita, ukathibitishwa, ukaandikwa, akapewa plastiki yenye picha ambayo tangu hapo ikasema kwa niaba yake. Ofisi ilipoichukua kadi ile na kuiweka ndani ya boksi bila kumpa kitu cha kushika, ilimrudisha mwanzo wa safari ambayo alikwisha kuimaliza. Mzee mwenye haya zake hatakwenda kujieleza tena, atanunua wembe.

Haki na ushahidi wa haki

Katika mazungumzo yangu na watumishi wa pande zote mbili nilikutana mara kwa mara na kauli kwamba Mama Mkubwa “hakuwa na msamaha” katika kipindi kile. Kauli hiyo si sahihi, na inafaa kukosolewa polepole kwa sababu wanaoisema wanaiamini. Msamaha unatokana na umri na hali ya mtu. Februari alikuwa na miaka 71 na hana uwezo. Machi alikuwa na miaka 71 na hana uwezo. Hakuna kilichobadilika kwake isipokuwa mahali ilipo kadi. Kadi ni ushahidi wa haki, na ushahidi ukiwa umeshikwa na ofisi ileile iliyoutoa, mzigo wa kuthibitisha hauwezi kubaki kwa mzee.

Karani wa dirisha la hospitali alinieleza ugumu wake, na nilimwelewa. Akimwingiza mtu kwenye msamaha bila namba ya kadi, mkaguzi atakuja kumuuliza yeye. Wako pia watu wasio wazee, au wazee wenye uwezo wao, wanaodai wamesahau kadi nyumbani. Nilipomuuliza angefanya nini kama Mama Mkubwa angekuwa na barua yenye mhuri inayosema kadi yake namba fulani imepokelewa kwa ajili ya kubadilishwa, alijibu bila kusita kwamba angeiingiza namba ile ile ya zamani, kwa sababu kwenye mfumo bado ilikuwa hai. Yaani kwa miezi mitano mfumo ulikuwa tayari kumtambua, na aliyekuwa hana namba ya kuutajia ni mzee mwenyewe, ambaye hakuwahi kuikariri.

Upande wa halmashauri nilielezwa kwamba kadi za zamani zilichukuliwa ili mtu mmoja asiwe na kadi mbili. Hoja hiyo ina uzito, kwa kuwa kadi ya mzee aliyefariki au kadi ya ziada inaweza kutumiwa na mwingine. Lakini zipo njia za kuzuia udanganyifu bila kumwacha mzee mikono mitupu. Kadi ya zamani ingeweza kubaki kwake hadi siku anapopokea mpya, zikabadilishwa mkono kwa mkono juu ya meza ileile. Kama ni lazima ipokelewe mapema, ingetobolewa kona na kurudishwa kwake ikiwa na muhuri wa tarehe. Na kama hata hilo haliwezekani, nusu karatasi yenye jina, namba ya kadi, tarehe na mhuri ingetosha, na gharama yake kwenye steshenari yoyote ya Kariakoo ni ndogo kuliko nauli ya safari moja ya mzee.

Nina binamu anayeishi London, na nilipomsimulia kisa hiki alishangazwa na jambo moja tu. Huko wazee wana kadi ya kusafiria bure inayoitwa Freedom Pass, iliyoanzishwa mwaka 1973 na inayolipiwa na serikali za mitaa za jiji hilo. Hutolewa kwa miaka mitano, na mwisho wake huwa tarehe 31 Machi. Ilipofika wakati wa kubadilisha ya kwake, ile mpya ilimfikia kwa posta wakati ya zamani bado inafungua geti za treni na inakubaliwa kwenye mabasi. Hakuna aliyemwomba aitangulize. Hatuna kadi ya namna hiyo kwenye daladala zetu, na silinganishi utajiri wa miji hii miwili. Nachukua utaratibu mmoja tu ambao hauhitaji utajiri: ya zamani inaendelea kufanya kazi mpaka mpya iwe mkononi.

Kadi ilikuwa wapi

Tulipokwisha kupata dawa kwa njia ya msamaha, nilianza kuitafuta kadi yenyewe. Juni nilikwenda mara mbili kwenye ofisi ile ya halmashauri. Mara ya kwanza mtumishi mwenye orodha hakuwepo. Mara ya pili alikuwepo, akafungua daftari kubwa, akapitisha kidole kwenye majina, na kuniambia kwamba kadi ilichapishwa zamani na kupelekwa kwenye kata, ili wazee wasisumbuke kusafiri hadi pale. Kutoka kata niliambiwa imeshushwa kwenye mtaa. Wiki ya pili ya Julai tuliingia ofisi ya serikali ya mtaa, mwendo wa dakika kumi kwa miguu kutoka nyumbani kwa Mama Mkubwa, na mtendaji akavuta droo, akatoa bunda la kadi lililofungwa kwa mpira, akaipata ya tano kutoka juu.

Ilikuwa imelala pale kwa wiki saba, yaani ilifika mtaani baada ya katikati ya Mei, siku zilezile ambazo wembe ulikuwa ukitumika. Mtendaji alisema walipiga simu kwa kila jina na wengine hawakupatikana. Alituonyesha namba iliyoandikwa mbele ya jina la Mama Mkubwa. Ilikuwa laini ya mwanawe wa Mwanza, ile aliyokuwa akiitumia miaka mitano iliyopita wakati mama yake alipoandikishwa mara ya kwanza, na ambayo alikwisha kuiacha. Februari, wakati wa kupokea nyaraka mpya, picha mpya na barua mpya, hakuna aliyeuliza namba mpya. Taarifa zilinakiliwa kutoka kwenye fomu ya zamani. Mama Mkubwa ana simu yake ndogo ya vitufe, hulala nayo chini ya mto, na kwa miezi mitatu na zaidi aliisubiri ilie.

Inaniuma kwamba hatua iliyomkosesha kadi kwa wiki hizo saba ilichukuliwa kwa nia njema. Kuzipeleka kadi mtaani ni uamuzi mzuri ambao ningeutetea mahali popote, kwa sababu unamwokolea mzee nauli na nguvu. Ulikosa kipande kimoja: mzee hakuambiwa kwamba mahali pa kupokelea pamebadilika. Angeambiwa Machi kwamba kadi itakuja kwa mtendaji wake, angepita pale kila Ijumaa akitoka sokoni. Balozi wa nyumba kumi anamjua. Mwenyekiti wa baraza la wazee la mtaa husali naye. Majina yangebandikwa ukutani au kusomwa kwenye mkutano, asingekosa mtu wa kumfikishia habari kabla ya jua kuzama. Badala yake njia zote za mtaa zilizozoeleka ziliachwa, ikategemewa namba moja ya simu ambayo haikuhakikiwa.

Suala hili litakuwa zito zaidi katika miaka inayokuja. Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, na utaratibu wake wa kuwagharimia wasio na uwezo unategemea watu hao kutambuliwa na kuandikwa. Kila utambuzi mpya utakuja na kitambulisho kipya, na kila kitambulisho kipya kitakuwa na kipindi cha katikati, baada ya kile cha zamani kuondolewa na kabla ya kipya kufika. Katika hati zinazoeleza huduma hizi tunaandika vizuri nani anastahili na atapata nini. Kipindi cha katikati hakiandikwi, kwa hiyo kinabebwa na mzee.

Yaliyofuata

Presha ya Mama Mkubwa ilishuka taratibu. Kipimo cha Agosti kilikuwa 150 kwa 90, na daktari amesema wataendelea kuangalia figo zake. Kadi mpya imerudi kwenye mfuko uleule wa plastiki. Siku tuliyoipokea tulipita steshenari, tukatoa fotokopi tatu: moja ninayo mimi, moja ameiweka ndani ya daftari la kliniki, na moja ameikunja ndani ya Kurani yake. Namba ya kadi ameiandika pia kwa kalamu nyuma ya mlango wa kabati la vyombo, kwa tarakimu kubwa.

Mwezi Septemba nililipeleka jambo hili kwenye mkutano wa mtaa, naye alikubali nitumie mfano wake bila kumtaja, ingawa waliomfahamu walimfahamu. Mtendaji alisikiliza mpaka mwisho. Alikubali kuanzisha kaunta buku ambamo kila mzee anayerudisha kadi ataandikwa jina, namba ya kadi na namba ya simu aliyoitaja siku hiyohiyo, na kumpa nusu karatasi yenye mhuri aende nayo. Kwa karatasi hizo hana amri juu ya hospitali, na alilisema hilo waziwazi. Mpaka ninapoandika, wazee tisa wamepewa karatasi hiyo. Mzee mmoja wa jirani aliionyesha kwenye dirisha la wazee akapokelewa bila maswali. Mwingine, anayehudhuria kliniki ya kisukari kwenye kituo tofauti, aliambiwa hawaitambui, akalipa, na akarudi na risiti yake kwangu. Jumatatu nitakwenda naye kwa afisa ustawi wa kituo hicho, tukiwa na risiti, karatasi yenye mhuri na fotokopi ya kadi yake ya zamani, ambayo yeye, kwa bahati, aliitoa kabla ya kuirudisha.